Fizikia ya Tatu

Pahoua Thao aliisoma barua ya chuo kikuu kwenye simu, amesimama kati ya mistari ya mchaichai, katika shamba la marehemu baba yake nje ya mji wa Fresno. Akaisoma tena. Kisha akairudisha simu mfukoni na kuendelea kukata, maana mama yake alikuwa akimtazama.

"Wamesemaje?"

"Bado, Mama."

"Hao watu wanajivuta kama nyanya yako akienda sokoni. Baba yako angeshawapigia simu."

Ni kweli. Kisima chao kilipokauka, baba yake alikizunguka siku nzima, na jioni akamwambia Pahoua, "Wewe utasomea maji." Alichojua juu ya kusomea maji ni hicho tu. Lakini mpaka alipougua alimpeleka kwenye chuo kidogo cha mjini, akamngoja nje ya maabara ndani ya pikapu, na chupa yake ya chai ya moto. Baada ya miaka miwili pale chuo kikuu kingempokea amalizie. Ndivyo walivyoambiwa. Walichagua chuo kikuu kimoja tu cha kuomba, kile ambacho angeweza kwenda na kurudi kila siku.

Kesho yake alikwenda kwa Bi Azevedo, mshauri wa wanafunzi pale chuoni.

"Alama zako hazina kasoro, binti," alisema Bi Azevedo, macho kwenye karatasi. "Wamekukataa kwa sababu ya hii Fizikia. Kwao ni somo moja lililokatwa vipande vitatu, na vyote lazima vitoke chuo kimoja. Wewe viwili umevifanya hapa, cha tatu kwenye chuo cha jirani."

"Kitabu ni kilekile! Hata mwalimu ni yuleyule, asubuhi yuko hapa, jioni yuko kule!"

"Najua."

"Basi nitakirudia hapa."

"Huruhusiwi. Umepata A. Anayerudia ni aliyefeli."

Pahoua akacheka, kicheko kibaya. "Kwa hiyo ningefeli ingekuwa nafuu?"

Bi Azevedo alivua miwani. "Septemba ulikuja hapa unalia. Mimi ndiye niliyekuambia uende kule." Alikata rufaa mbele ya Pahoua siku ileile, akaandika kwa mkono wake kwamba kosa lilikuwa lake. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mistari miwili ya kukataa.

Septemba ile Pahoua alikosa maabara mara mbili, na anayekosa mara mbili huondolewa darasani. Ya kwanza baba yake alikuwa hospitali. Ya pili ilikuwa Jumatatu, siku ya nne ya mazishi, siku ya kuzika. Kwa Wahmong, kabila lao, binti haondoki kwenye mazishi ya baba yake kwa sababu yoyote. Aliporudi chuoni kiti chake kilikuwa kimepewa mwingine, na darasa lile hufunguliwa mara moja kwa mwaka. Chuo cha jirani kilikuwa na darasa fupi la kuanzia Oktoba.

Siku ya kwanza ya mazishi yale, mzee Cher Xeng wa ukoo wa Xiong alikaa karibu na maiti akamwimbia njia. Roho hurudi kwa kupita kila mahali ilipokaa, nyuma hadi ilikozaliwa, na pote huaga na kushukuru. Mzee alitaja Fresno, akataja Stockton, akataja kambi ya wakimbizi ya Ban Vinai, akavuka Mto Mekong, akapanda milima ya Laos. Katikati alisita, akamwuliza mama, "Kabla ya Stockton alikaa wapi? Tusiruke." Mama akajibu: miezi sita, Minnesota. Naye akaitaja.

Pahoua naye hakuruka. Kwenye fomu ya kuomba chuo kikuu aliandika vyuo vyote viwili.

Mei walifanya sherehe ya kuiaga roho. Waliuvika ungo wa mianzi koti la baba, wakaliingiza nyumbani, wakaliwekea wali na kuku. Watu walikuja mmoja mmoja kusema na baba kwa mara ya mwisho. Mdogo wake Pahoua, Tou Ger, alimwambia baba pikapu bado inazimika njiani, watu wakacheka.

Mama alimsukuma Pahoua begani. "Nenda. Mwambie umepokelewa, aondoke na furaha."

"Mama..."

"Mwambie tu."

Alipiga magoti. Koti lilikuwa na harufu ya mchaichai. Nyuma yake mama alikuwa ameacha kusogeza vyombo, na Pahoua akaelewa kwamba mama alijua tangu siku ile shambani.

"Baba," alisema, "usiningoje nje tena."

Mzee Cher Xeng alingoja kama kuna neno jingine, kisha akaubeba ungo kuutoa nje.