Uzi wa Kifuani

Asubuhi ya Jumanne mama alikuwa akipiga mswaki kwenye bomba la uani, akakohoa, na ncha ya uzi mweupe ikatokeza kwenye kona ya mdomo wake. Aliishika kwa vidole viwili. Akaivuta kidogo, akaibiringisha chini ya kidole gumba kupima msokoto, kisha akasukutua upande wa pili wa mdomo ili asiuloweshe.

"Wa shuka huu," alisema. "Tulikuwa nao kiwandani wiki iliyopita."

Bibi, aliyemzaa mama, alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharage. Aliinua macho mara moja tu. "Usiukate. Ngoja kwanza nitafute kitu cha kuuviringia."

Akaleta mpini wa mwiko uliovunjika. Mama akasimama wima, kidevu juu, bibi akaviringisha. Uzi ulitoka taratibu, mkavu, sawasawa, bila fundo. Binti wa nyumba hiyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Maswali kwa sababu alianza kuuliza kabla hajaanza kutembea, alikuwa akifunga viatu vya shule.

"Unauma, mama?"

"Hauumi. Unawasha tu, kama pale unapomsahau mtu jina."

"Unatoka wapi hasa?"

"Haya, tumeanza," bibi alisema. "Nenda shule. Wenzake wanakohoa makohozi, mama yako anakohoa mali. Hata ugonjwa una bahati zake."

Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi tangu kabla hajaolewa, akaendelea nayo alipofiwa na mume. Alikuwa muungaji. Uzi ukikatika kwenye mashine, muungaji huzidaka ncha mbili, huzikutanisha, huzisokota kwa kidole gumba na cha shahada, huachia. Mashine haisimamishwi kwa ajili ya uzi mmoja. Vidole vya mama vilikwishazoea hivyo mpaka havikumwomba tena ruhusa. Akiwa kwenye foleni ya maji, akiwa kwenye kikao cha wazazi, vilikuwa vikiunga hewa tupu mapajani mwake. Humo kiwandani vumbi la pamba liling'ang'ania kope na nywele, na waungaji wote walikohoa. Waliotangulia walishatoa nyuzi fupifupi. Mama alikuwa wa kwanza kutoa uzi usiokwisha.

Rangi ilifuata kazi. Kiwanda kilipokuwa kwenye bluu, mama alikohoa bluu. Fundi cherehani wa nyumba ya pili aliomba kipande akajaribu, akarudi anatikisa kichwa. "Shoga, wa dukani haufui dafu. Huu hata sindano inaupenda." Bibi akafuma sweta la shule kwa uzi huo, akamvika mjukuu wake kabla ya majira ya baridi. Lilikuwa na joto la ajabu, na Maswali alilivaa mpaka kitandani.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Mpaka wakati huo alikuwa akisema atakuwa mwanasheria, kesho yake rubani, keshokutwa lolote. Siku hiyo ya bomba aliporudi shuleni alisema atasomea udaktari wa vifua, na hakubadilisha tena.

"Soma," mama alisema. "Ila soma haraka. Pamba haina subira."

Habari za sweta zilifika kiwandani. Nyapara akaja Jumamosi pamoja na tarishi, mzee mpole aliyevua kofia mlangoni. Wakakaribishwa chai. Nyapara alisifu chai, akasifu usafi wa nyumba, ndipo akauliza, "Dada, hebu nisaidie. Pamba ni ya nani?"

"Ya kiwanda," mama alijibu.

"Nawe umeipatia wapi?"

"Kazini."

"Basi. Hatuna ugomvi."

Tarishi akakusanya nyuzi zote zilizoviringwa akazitia kwenye gunia. Halafu akamgeukia Maswali, aliyekuwa amesimama kando ya dirisha akisoma sura ya mapafu. "Samahani, mwanangu. Inua mkono kidogo." Akatafuta ncha kwenye upindo wa chini, akaipata, akaanza kufumua. Maswali aliinua mkono mmoja, wa pili ameshika kitabu. Sweta lilipanda kutoka kiunoni mpaka kifuani, likaishia mabegani. Mikono ilifumuliwa mwisho. Alipomaliza, tarishi alimshukuru, naye Maswali akafungua ukurasa uliofuata.

"Angalau angeniachia kola," bibi alisema walipokwisha kwenda. "Kola niliifuma kwa mapenzi."

Maswali akampeleka mama hospitali ya wilaya. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisikiliza mgongoni, akasikiliza mbele, akaomba aoneshwe uzi. Hakushangaa. Alisema kifua cha mama kimefanya alichokizoea mwenyewe: kimeingiziwa pamba, kimeisokota. Dawa ya kifua anayo, dawa ya pamba hana.

"Ila uzi huu hukatika wenyewe," alisema. "Si hukatika?"

"Hukatika," mama alisema. "Kila uzi hukatika."

"Basi ukikatika, usiunge. Iache ncha irudi ndani. Mwili utaumeng'enya polepole. Na kiwandani usirudi tena. Ukiendelea kuunga, pamba itaisha, na uzi hautajua kwamba pamba imeisha. Utaendelea na vingine."

"Vingine vipi?" Maswali aliuliza.

"Vilivyomo," daktari alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Mama aliitikia vizuri kabisa. Walipofika nje, getini, uzi ukakatika. Kabla Maswali hajafungua mdomo, vidole vya mama vilikwisha kuunga.

"Mama!"

"Nini? Aa." Akaviangalia vidole kama watoto wa jirani. "Hivi navyo."

Maswali akamvisha soksi mikononi. Mama akazivaa kutwa nzima, akapikia nazo, akaunguza moja. Uzi ulikatika mara kadhaa, na kila mara ncha ilirudi ndani taratibu kama panya aingiaye shimoni. Shavu lake likapata rangi. Bibi akasema haya sasa, huenda mtu akazikwa na watoto wake kama inavyopaswa. Mama alikuwa ameacha kwenda kazini, na nyumba nzima ilikuwa ikila maharage yaleyale, mara na chumvi, mara bila.

Ndipo nyapara akaja tena, na habari njema. Kiwanda kilikuwa kimeupima uzi wa mama kwa mashine zao na kuona hakuna mashine yao inayoufikia. Walikuwa wameamua kumpa zamu ya nyumbani. Hatasimama tena, hatavuta vumbi tena. Atakaa kwenye kiti chake, atakohoa, na tarishi atapita kila Jumamosi kuchukua. Mshahara utabaki palepale. "Na tumesikia mtoto anataka chuo," nyapara aliongeza. "Chuo si kidogo. Hapo uzi usilegee, dada."

Alipotoka, mama alivua soksi, akazikunja, akaziweka juu ya meza.

Tangu hapo alikaa kwenye kiti cha kamba karibu na mlango, penye mwanga. Bibi aliviringisha asubuhi, Maswali jioni, kitabu kikiwa wazi magotini. Alijifunza kuviringisha bila kutazama. Alisoma kwa sauti, mama akamsahihisha kwa yale aliyoyasikia jana yake. "Jana ulisema mapafu yana vifuko. Leo mbona huvitaji?" Watu waliopita njiani waliwasalimia. Mama aliitikia kwa kuinua mkono, kwa kuwa kuzungumza kulikunja uzi.

Akaanza kupungua. Si kukonda, maana uso wake ulibaki vilevile na gauni lilimkaa sawa. Alipungua uzito. Bibi alipombeba kumpeleka kuoga alisema ni kama kubeba nguo zilizokauka. Alipoketi kwenye kiti kamba hazikubonyea. Siku za upepo walifunga mlango.

Jioni moja mama alisinzia katikati ya kazi, na uzi ukakatika. Maswali aliiona ncha ikining'inia mdomoni, ikaanza kurudi. Mpini wa mwiko ulikuwa mkononi mwake. Kuunga kulikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na yeye alikuwa ameshajua. Hakuunga. Aliweka mpini chini pole pole, akajiinamia kwenye kitabu, akasoma mstari mmoja ukampita, akausoma tena. Ncha ikafika kwenye midomo. Ikazama.

Mama alifumbua macho. Akatega sikio kama anayesikiliza chumba cha pili. Kisha akaitafuta ncha kwa ulimi, nyuma ya meno, chini ya kaakaa, akaipata, akaileta mbele.

"Nipe ncha ile nyingine," alisema.

"Sikupi."

"Maswali."

"Daktari alisema uache! Wewe mwenyewe uliitikia! Nitatafuta kibarua, nitafua nguo za watu, nitaingia hata hukohuko kiwandani, chuo kitanisubiri."

"Utaingia hukohuko kiwandani." Mama alirudia bila hasira. "Unataka nini, mwanangu? Nipone, ili nikae hapa mlangoni nikuangalie ukienda kusokota?"

Bibi, aliyekuwa akikoroga chungu, aliacha kukoroga.

"Mimi nataka nisome ili nikuponye," Maswali alisema. "Sasa nikikuviringisha wewe ukaisha, nitakuwa nimesoma ili nini?"

Mama alinyoosha mkono tu, akausubirisha hewani, mwepesi, ukicheza kidogo kwa upepo uliopita chini ya mlango. Mkono ulikaa hivyo mpaka chungu kikaanza kuungua. Maswali akaokota mpini. Akampa ncha. Mama akaunga, kwa kidole gumba na cha shahada, akaachia.

"Haya," alisema. "Tulifika kwenye vifuko."

Maswali alifaulu. Jina lake lilibandikwa kwenye ubao wa shule, la kwanza juu, na fundi cherehani alipita nyumba kwa nyumba kutangaza kana kwamba amemzaa yeye. Chuo kikamwita. Wiki hiyohiyo pamba iliisha. Hakuna aliyetambua mara moja, kwa sababu uzi haukukoma. Ulibadilika tu, ukawa laini zaidi, wenye rangi ambayo kiwanda hakikuwahi kuipika, kama ya ndani ya mdomo. Ulikuwa na uvuguvugu. Bibi aliugusa, akatoka nje, akakaa kwenye bomba bila kufungua maji.

"Funga mizigo," mama alimwambia Maswali. "Mimi naona ncha ya mwisho."

"Iko mbali?"

"Hapana. Si mbali."

Ncha ilitoka Ijumaa mchana, jua likiwa limeingia mpaka chini ya kiti. Ilipita midomoni, ikaanguka kwenye kiganja cha Maswali, naye akaikunja juu ya mpini kwa uangalifu, akaibana isifumuke. Mama alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Akatazama vidole vyake. Vilikuwa vimetulia mapajani, haviungi chochote, na Maswali hakuwahi kuviona hivyo maisha yake yote. Alipomwinamia, mama alikuwa amekwisha.

Jeneza lilibebwa na mtu mmoja. Wengine walitembea pembeni wakiligusa kwa heshima tu. Tarishi alikuja, akavua kofia, akashika jembe akafukia mpaka mwisho, akamwambia bibi pole kwa sauti iliyokatika. Halafu akasubiri watu wapungue, akauliza kama uzi wa wiki hiyo uko tayari. Bibi alimwambia huo si pamba, hata kipofu angejua. Tarishi alisema anajua, bibi, lakini umetoka kwenye zamu. Akautia kwenye gunia peke yake, usichanganyike na mwingine.

Maswali alikwenda chuo. Alisoma kifua mpaka akakimaliza. Mwalimu mmoja aliwafundisha kikohozi cha uzi kwa saa nzima, chanzo chake na hatua zake, na akasema kinga yake inajulikana tangu zamani: kuondoa vumbi. Mwanafunzi mmoja tu aliinua mkono, akauliza kwa nini basi haliondolewi. Mwalimu alisema hilo halimo kwenye somo la kifua.

Akarudi akiwa daktari. Aliomba mwenyewe apangiwe kwenye zahanati ya kiwanda. Bibi alikuwa bado hai, hasikii vizuri, na alimwambia kila mgeni kwamba mjukuu wake ameingia kiwandani kwa mlango wa mbele. Daktari aliandikia uongozi kuhusu vumbi. Uongozi ulimshukuru sana, ukaziba vizuri madirisha yote ya ofisi. Akaandika tena. Wakamwongezea benchi, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi, na kreti la bobini tupu za kuviringia uzi liwe karibu na mkono wake.

Asubuhi moja aliingia msichana mpya, shavu limejaa, nywele zimeshika weupe kidogo mbele. Daktari aliweka kipimo mgongoni, akamwambia avute pumzi. Kule ndani, chini kabisa, kulikuwa na mvumo mdogo, kama mashine inayowashwa chumba cha mbali.

"Umeanza kazi lini?"

"Juzi, daktari."

"Acha. Leo hii. Bado mapema, kifua kitasafika chenyewe."

Msichana alicheka kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mkubwa aliyefanya mzaha. "Nikiacha, na mdogo wangu? Yule ana kichwa, walimu wote wanasema. Anataka hiyo kazi yako."

Daktari alivua kipimo masikioni. Nje king'ora cha zamu kikalia. Msichana akaanza kufunga vifungo vya blauzi haraka haraka, maana anayechelewa hukatwa mshahara. Daktari alimsaidia kile cha nyuma, asichokifikia.