Fremu ya Wodi ya Wazazi

Fremu ya mlango ilipungua sentimita kumi. Si tisa, si kumi na moja. Iliposimamishwa kwenye uwazi wa ukuta, pale zahanati walipokuwa wakitengeneza wodi ya wazazi, juu yake palibaki pengo ambalo panya angepita bila kuinama. Seremala aliyeileta akajua kosa ni la nani kabla mtu yeyote hajafungua kinywa.

Lilikuwa lake. Futi yake ya chuma ilikatika ncha wiki iliyotangulia, na fundi mwenye futi ya namna hiyo huanza kupima kwenye alama ya kumi, kisha mwishoni huongeza kumi. Kuanza alianza vizuri. Kuongeza alisahau. Hakuna kosa lingine linalozaa kumi kamili.

Mafundi walimwita Pimamaji, jina la kile chombo chenye povu la hewa linalotulia katikati kitu kikinyooka. Kazi zake zilinyooka, na yeye mwenyewe, shemasi wa kanisa kwa miaka kumi na mmoja, alihesabiwa kuwa amenyooka. Aliyejenga ukuta ule alikuwa mdogo wa mkewe, mwashi mrefu aliyeitwa Kokoto, na sifa zake zilikuwa nyingine kabisa. Pombe ilishamfukuzisha kazi mara tatu. Kwenye hii ya nne alikuwa na miezi mitatu bila kuonja tone, na dada yake alimwombea kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso.

Msimamizi akapima uwazi: mia mbili na kumi. Akapima fremu: mia mbili.

"Nani alimpa seremala kipimo?"

"Mimi," Kokoto akasema. "Nilimtajia kwa mdomo wangu, mia mbili na kumi."

"Mdomo wako huo? Siku hiyo ulikuwa umepitisha maji tu?"

Wapaka rangi wakacheka. Kokoto hakucheka. "Bosi, nimeacha."

"Wote mnaacha. Pimamaji hajawahi kukosea hata kwa unene wa ukucha, leo aanze na kumi? Kusanya zana zako, baba. Nitatafuta mwashi anayejua kuhesabu."

Kokoto akamgeukia seremala. "Shemeji, si uko hapa? Sema basi. Nilikutajia ngapi?"

Seremala akakohoa. "Niliandika kwenye ubao kule karakana. Ngoja nikaangalie."

Akaondoka. Hakuwa amesema uongo, na hilo ndilo lililomtisha, kwa maana aliujua mwendo huo. Ujanani alikuwa mwongo hodari, na uongo wake mkubwa wote ulianza na maneno ya kweli.

Karakana ilikuwa mtaa wa pili nyuma ya zahanati. Njia nzima alikuwa akishauriwa, na mshauri hakuwa na pembe wala mkia. Alizungumza kwa upole, kama mzee wa kanisa. Fikiria jina la Bwana, alisema. Watu wakisikia shemasi ameharibu kazi, watasema nini? Na kijana mwenyewe, kusema haki, ana historia. Asipoanguka leo ataanguka mwezi ujao. Wala huhitaji kusema uongo. Nyamaza tu.

Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, na juu yake, kwa penseli nene: 210. Mwandiko wake. Randa ilikuwa mezani. Kuisukuma mara moja tu, na ile namba ingeanguka sakafuni imejikunja, ikachanganyika na maranda mengine, na mfagiaji ni yeye mwenyewe.

Akaulaza ubao mezani. Akaiweka randa juu yake. Mikono ikajipanga yenyewe, kama inavyojipanga kila siku.

"Bwana," akasema kwa sauti, "mikono hii ni yako, na naiona inakwenda."

Hayo tu. Hakupiga magoti. Alikuwa amejifunza jambo moja kuhusu nafsi yake, na alilijifunza polepole, kwa kuanguka, kama mtu anayejifunza ufundi bila mwalimu: akikaa kujadiliana na dhambi, hushindwa, kwa kuwa dhambi ina maneno mengi kuliko yeye. Akiinuka akafanya lile jambo la kweli lililo karibu zaidi, hata kabla moyo haujakubali, neema humkuta njiani. Mbao yenye mdudu haihubiriwi. Inatolewa nje juani.

Akaiachia randa, akautia ubao begani, akatoka karibu kukimbia.

"Vipi fundi, unafukuzwa?" akauliza mama mmoja mshona nguo, kutoka kwenye cherehani yake barazani.

"Ndiyo, mama. Lakini hanipati!"

Alimkuta Kokoto akiosha mwiko kwenye ndoo, taratibu, kama mtu asiyetaka kazi hiyo iishe. Muuguzi mkuu naye alikuwa amefika, mikono kiunoni, akilitazama lile pengo.

"Kosa ni langu," seremala akasema. Akaushusha ubao mbele ya msimamizi. "Shemeji alinitajia mia mbili na kumi. Haya hapa, niliandika mwenyewe. Futi yangu imekatika ncha, nikasahau kuongeza kumi." Akavuta pumzi. "Na lipo lingine. Niliijua kweli hii tangu niliposimama hapa. Nikaenda nikaweka randa juu ya namba hii, nikitaka kuifuta."

Brashi za wapaka rangi zikasimama.

"Hilo la randa," msimamizi akasema, "haikuwa lazima utuambie."

"Ningelificha lingezaa, bosi."

"Haya, umeungama, Mungu amesikia," akasema muuguzi. "Mlango lini? Wajawazito wangu hawana breki."

"Alhamisi saa nne asubuhi, mama. Kwa mbao zangu."

Kokoto akautupa mwiko ndani ya ndoo, maji yakaruka. "Nusu saa, shemeji! Nusu saa nzima umeniacha hapa nachekwa!"

"Nimekukosea. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Ila si sasa hivi. Sasa hivi nina hasira."

"Sawa. Nitangoja."

Msimamizi akainama, akautoa mwiko kwenye ndoo, akaupangusa kwenye suruali yake mwenyewe, akamrudishia Kokoto.

Mchana seremala na Kokoto walibaki wawili, wakiing'oa fremu.

"Ile randa," Kokoto akauliza, "ulikuwa umeishika kabisa?"

"Kabisa."

"Ukaiachaje?"

"Nikiwa bado naitamani. Ningengoja tamaa iishe, hadi sasa ningekuwa kulekule."

Kokoto akaichomoa kabari moja, akaigeuzageuza mkononi. "Mimi nilidhani nyie mliookoka hamtamani. Kila jioni nikipita pale kilabuni koo linaniwasha, nasema basi, mimi si wa kundi hilo."

"Linawasha, na unapita?"

"Napita."

"Hata jana?"

"Jana nilipita mbio, kama mwizi."

"Basi jana ulishinda, shemeji. Na juzi. Miezi mitatu unashinda kila jioni, nani kakudanganya kwamba unashindwa?"

Kokoto akamtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichopanda taratibu hadi mabega yakatikisika.

"Shika upande wako, shemasi," akasema. "Na uinue sawasawa, usije ukanivunjia ukuta wangu."

Wakainua pamoja.