Maji ya Mkesha

Binti yangu Qiaozhen alishuka basi lililotoka Quanzhou jioni ya mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, sanduku mkononi, talaka yake bado mbichi. Lanfang, mke wa mwanangu, akamzuia mlangoni.

“Wifi, karibu keshokutwa. Siku ya pili ya mwaka ndiyo ya mabinti kurudi kwao.”

“Hiyo ni ya wenye waume,” Qiaozhen akajibu. “Mimi leo niende wapi?”

Lanfang akanigeukia. “Mama, unajua mwenyewe. Binti aliyeolewa akila chakula cha leo kwao, kaka zake wanafilisika. Na Decai ndiyo kwanza kafungua karakana.”

Nilijua sana. Nilikuwa na mwiko mkononi na mwiko mwingine kooni. Nikamtazama mwanangu Decai, aliyekulia mgongoni mwa dada yake huyo huyo. Alikuwa anachungulia kikombe cha chai utadhani kuna mtu kazama humo. Nilitamani kumchapa.

“Binti akiolewa ni maji yaliyomwagwa,” Lanfang aliendelea. Si mtu mbaya yule, aliogopa tu. “Na maji yakimwagika hayazoleki.”

Qiaozhen aliinama kuokota sanduku alilokuwa ameliweka chini. Basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka.

Mume wangu alikuwa ameketi mezani, mbele ya samaki mzima aliyeanza kupoa. Sikumtegemea. Mzee yule hajawahi kuvunja mila hata moja, hata nywele hanyoi mwezi wa kwanza.

“Lanfang,” akaita polepole. “Ile ndoo ya maji machafu jikoni, mbona hukuimwaga?”

“Baba, si mwaka mpya huu? Ukimwaga maji nje, umemwaga baraka za nyumba.”

“Kumbe unajua.”

Akaishika sahani, akaizungusha. Kichwa cha samaki, ambacho miaka yote humwelekea yeye mwenye nyumba, kikaelekea kiti kitupu kando yangu.

“Qiaozhen, kaa. Hatuli mpaka wewe uanze. Na wewe Lanfang, funga mlango, maji yetu yasitoke.”

Decai aliinuka, masikio mekundu, akampokea dada yake sanduku. Lanfang alibaki ameshika kitasa, akimtazama mumewe, kisha samaki.

Akaufunga mlango, wifi yake akiwa ndani.