Jiwe la Tano

Attracta Lavelle alipotimiza miaka themanini, watoto wake wanne walimvalisha pete ya dhahabu. Fintan Geraghty, sonara wa mjini kwetu Belmullet, alikuwa ameisuka kwa fundo la Kiselti, lile lisilo na mwanzo wala mwisho, kuonyesha kwamba familia haikatiki. Ndani ya fundo alipachika mawe manne, kila mtoto na la mwezi wake wa kuzaliwa. Keki ilikatwa, chai ikanywewa.

Jumatatu asubuhi mawe yalikuwa matano. La tano lilikuwa yakuti nyekundu, jiwe la Julai, na lilikuwa baridi hata karibu na jiko.

Dympna, aliyehesabiwa kifungua mimba, aliirudisha pete dukani. "Fintan, umekosea hesabu."

"Mimi nilikosea hesabu siku ya kuoa tu," alisema sonara, akaling'oa jiwe.

Jumanne lilikuwa limerudi. Alipoling'oa mara ya tatu, fundo lilijisuka upya kulipatia nafasi. "Sing'oi tena," alisema. "Huyu yuko kwao."

Attracta aliwaeleza wanawe huku akimenya viazi. "Ni Assumpta. Nilimzaa kwa masista nikiwa na miaka kumi na tisa, sijaolewa. Wakamchukua ana wiki sita, hata soksi nilizomfumia wakaniachia. Nikifa, mtajeni na yeye redioni. Sitaki kingine."

"Kunywa chai, Mama, inapoa," alisema Dympna.

Tangu hapo jiwe lililia kila jioni, kilio cha mtoto wa wiki sita. Attracta alikibembeleza kidole mpaka kinyamaze. Sisi majirani tuliokuwa tukienda kucheza karata kwake tulipunguza sauti.

Alifariki Februari. Kwetu mtu hajafa sawasawa mpaka redio imtangaze, kwa hiyo saa tano asubuhi tulisikiliza wote tukizunguka jeneza. Tangazo alikuwa amelipeleka Dympna. "Ameacha watoto wanne: Dympna, Enda, Colman na Ita."

Ilituuma, lakini tulipiga tu ishara ya msalaba. Kidoleni mtoto akaanza kulia. Akina mama walipokezana kumbembeleza mpaka wakati wa kufunga jeneza, na mmoja wao akamuuliza Dympna mtoto anaitwa nani.

Dympna alisema sandwichi zimebaki nyingi, watu waendelee kula.