Pua ya Athanas

Homa ilimlaza Athanas Mkude siku tisa mwezi Juni, na alipoinuka hakusikia harufu ya kitu chochote. Mkewe alimletea chai ya tangawizi, akainywa kama maji ya moto. Alidhani itapita. Agosti ikaingia, haijapita, na kazini hakuwa amemwambia mtu.

Athanas alikuwa mtunza mvinyo wa hoteli moja mjini Morogoro, chini tu ya milima ya Uluguru, kwa miaka kumi na saba. Yeye ndiye aliyechagua chupa za kununuliwa, na wageni walipenda kumsikiliza akieleza tofauti ya mvinyo wa Dodoma na ule wa ng'ambo. Meneja wake, Shamimu, ni Mwislamu na hajawahi kuonja hata tone, kwa hiyo neno la Athanas lilikuwa la mwisho. Miezi ile miwili aliishi kwa kumbukumbu: alisoma lebo, akarudia aliyoyasema mwaka jana.

Jumamosi moja asubuhi wakaja Mzee Agustino, mwalimu mstaafu, na mkewe Mama Juliana. Walikuwa wanaandaa sherehe ya miaka arobaini ya ndoa yao, na walitaka kuonja mvinyo mwekundu wa aina tatu na wenye mapovu aina tatu, wachague. Mzee aliomba chupa zote zifungwe kwa magazeti. Alisema anataka kuchagua kinywaji, si jina.

Athanas akaonja wa kwanza, akasikia uchachu tu. Wa pili akausifia: laini, una harufu ya matunda yaliyoiva, utafaa kwa nyama. Mama Juliana akanusa glasi yake, akakunja uso, akanusa tena.

"Basi mimi sijui mvinyo," alisema kwa upole, akaisukuma glasi kando.

Magdalena, muosha vyombo aliyekuwa akikusanya glasi, akamwinamia Athanas sikioni. "Samahani, baba. Huu umeharibika. Unanuka gunia lililolowa."

Angeweza kumnyamazisha. Lakini alimtazama Mama Juliana, aliyekuwa ameinamisha macho kama mtu aliyekosea mbele za watu, na moyo ukamuuma. Akasimama.

"Mama, pua yako haina kosa," alisema. "Mwenye kosa ni mimi. Tangu Juni sisikii harufu yoyote. Nimekuwa nikiwadanganya."

Shamimu, aliyekuwa pembeni akiandika watakachochagua, akaweka kalamu chini. Kisha Mzee Agustino akamuuliza Athanas kama ulimi nao umekufa. Athanas akajibu kuwa bado anausikia utamu, uchachu na ukakasi, na mapovu pia.

"Basi nusu ya kazi unaiweza," alisema mzee. "Nusu nyingine nani ataifanya?"

Athanas akamwonyesha Magdalena. Binti akakataa. Alisema yeye ni mtu wa Nyandira, huko milimani, anachojua ni kabichi na karoti. Athanas akamwambia hana haja ya kunywa. Anuse tu, aseme anachokumbuka.

Akanusa mwekundu wa tatu, akasema ni plamsi zilizoanguka chini ya mti zikapigwa jua. Wenye mapovu wa kwanza akasema ni tufaha bichi. Wa pili akaunusa mara mbili. "Unga wa mkate ulioumuka," alisema, "kabla haujaingia motoni." Athanas akauonja: mapovu yake yalikuwa madogo, yakipanda polepole bila kuchoma. Ya ule wa tatu yalikuwa makubwa, yakafa upesi yakaacha sukari. Mama Juliana akaonja baada yao, na safari hii alisema anachokipenda bila kumtazama mtu. Walichukua ule wa plamsi, uliokuwa wa Dodoma, na ule wa mkate, wa Afrika Kusini.

Wageni walipoondoka, Shamimu alimwita Athanas ofisini. Hakumlaumu kwa ugonjwa.

"Mimi naonja kwa ulimi wako, kaka Athanas," alisema. "Ungeniambia siku ya kwanza."

Athanas akaomba radhi. Shamimu akampa likizo aende kwa daktari Dar es Salaam, naye Magdalena akatolewa kwenye sinki aanze kujifunza mvinyo.

Daktari hakuahidi kitu. Alimwagiza anuse vitu vinne vilevile kila asubuhi, kwa subira. Sasa Athanas amerudi hotelini, na kabla jiko halijawashwa Magdalena humfunga macho kwa kitambaa, akamsogezea karafuu, limau, kahawa na majani ya mnanaa, kimoja kimoja, na kumuuliza ni nini. Siku nyingi hujibu kuwa hakuna kitu. Wiki iliyopita alisema karafuu, kumbe ni limau. Magdalena alifurahi hata hivyo, kwa kuwa angalau alikuwa amesikia kitu.