Meza ya Tabea Mbele ya Hoteli

Siku Tabea alipopeleka vitambaa vya meza kwenye hoteli ya Bwana Kosta, upepo wa Makambako ulikuwa umechachamaa, na vumbi la malori yatokayo Iringa lilikuwa limemwingia hadi kwenye nyusi. Tabea alikuwa mjane aliyeishi katika kijiji cha Yakobi, fundi cherehani mwenye jina pale Njombe, na hoteli ile ya Mgiriki ilikuwa mteja wake mkubwa. Alikuwa ameshashona mapazia ya vyumba vyote vya mbele. Sasa ilikuwa zamu ya meza.

Barazani aliwakuta Wazungu wachache wameketi na Bwana Kosta kuizunguka meza iliyojaa chupa. Walimimina divai nyekundu kidogo tu kwenye bilauri, wakaizungusha, wakainusa, wakaisukasuka mdomoni. Mmoja akainama akatema ndani ya ndoo. Tabea akadhani jino limemshika. Kisha akaona na mwenzake anatema, na baada ya kutema wanabishana, huyu akitikisa kichwa, yule akigonga meza.

"Wanafanya nini?" akamuuliza Bwana Kosta aliponyanyuka kupokea mzigo.

"Wanaonja. Hii ni divai ya Hispania, ya bei nafuu. Nimeletewa aina tatu, nataka wanishauri ipi inafaa."

"Basi na mimi nionje nikushauri."

Alilisema bila kulipanga, kama mtu anavyoomba maji. Bwana Kosta akatabasamu, akawatafsiria wale wengine, nao wakacheka, si kwa ubaya sana. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mama Tabea," Bwana Kosta alisema, "ninyi mnakunywa mpate kulewa. Kuonja ni jambo lingine, linataka ulimi uliofundishwa. Lakini ukitaka chupa yako hakuna shida, siku hizi sheria inawaruhusu Waafrika pombe ya Kizungu. Pita dirisha la nyuma, mpishi atakupa, ukanywe kwenu."

Tabea aliweka vitambaa juu ya kiti, akaaga, akaondoka.

Alirudi Njombe na lori la Mikaeli, dereva aliyebeba magome ya miwati ya kutengenezea ngozi, rafiki wa marehemu mumewe. Walipofika kwa Mikaeli, mkewe Konsolata akawatengea ulanzi, pombe ya mianzi, kama ilivyokuwa desturi yake msimu wa mvua, na hapo ndipo Tabea alipofungua kinywa akasimulia yote, hadi ile ndoo ya kutemea.

Konsolata alikuwa Mkatoliki wa karibu na misheni, mwanamke mwenye mianzi mingi na maneno makali. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Ulimi uliofundishwa," alisema. "Na mimi ninayejua kwa kuonja tu kama ulanzi huu umegemwa leo au juzi, nilionjea sikio?"

"Hakuwa anakusema wewe," Mikaeli alisema.

"Alitusema sote, Mikaeli. Wewe pia umo."

Pale palikuwa na mgeni, Gideoni, binamu yake Tabea, mwalimu wa shule ya Matembwe aliyekuja mjini kufuata chaki na madaftari. Gideoni alikuwa mtu wa kufunga vifungo vyote vya shati. Alipoona wenzake wanatazamana kwa namna ile ya watu wanaopanga jambo, alianza kutafuta kofia yake.

"Keti, mwalimu," Tabea akamwambia. "Jumamosi tunakwenda Makambako. Tutanunua zile divai, aina zote tatu, hapo hapo dirishani kwake. Kisha tutaonja."

"Wapi?"

"Mbele ya hoteli. Ng'ambo ya barabara. Barazani kwake hatukanyagi."

"Dada, mimi ni mwalimu. Mkaguzi akisikia nimekaa barabarani na chupa, nitasema nini? Na wewe, wazee wa kanisa?"

"Wazee wa kanisa wananipa divai kwenye kikombe kila wanapoita meza ya Bwana, na sijawahi kuanguka nikitoka. Siendi kulewa, Gideoni. Nakwenda kusema ninachokiona. Usipotaka, baki."

Gideoni alichukua kofia yake akatoka. Lakini Jumamosi asubuhi alikuwa amesimama kando ya lori, amevaa koti lake la Jumapili.

Konsolata ndiye aliyekwenda dirishani. Mpishi alimpa chupa bila kumuuliza, akampa na kizibuo alipoomba. Mikaeli alishusha meza ndogo kutoka kwenye lori, akaisimamisha kwenye nyasi ng'ambo ya barabara, ikitazamana na baraza. Tabea akatandika kitambaa cheupe chenye pindo la buluu. Kilikuwa kimekatwa kwenye jora lile lile la vitambaa vya hoteli, na mtu yeyote aliyeketi kule barazani angeweza kulinganisha. Akapanga bilauri za chai. Mikaeli akaleta na debe tupu, akaliweka chini.

Watu waliokuwa wakisubiri malori walianza kusogea. Mama mmoja muuza viazi alitua kikapu chake akasimama kabisa.

Chupa ya kwanza ilikuwa na picha ya fahali. Tabea alimimina kidogo kwa kila mmoja. Akanusa. Akanywa, akaizungusha mdomoni.

Alikuwa hajui atakutana na nini. Divai ya kanisani ilikuwa tamu na ilipita upesi, hii ilikaa. Ilianza na ladha ya zambarau zilizoiva mno, kisha ikamkausha ufizi kote.

"Magome ya miwati," alisema kwa sauti iliyovuka barabara. "Mwisho wake ni magome ya miwati yaliyolowekwa. Ila mwanzo wake ni mzuri."

"Ndiyo uzuri wake huo," Mikaeli alisema. Alikuwa amefumba macho. "Inakamata. Ukiwa na nyama ya mbuzi, hii ndiyo ya kuwa nayo."

"Unaipenda kwa sababu unalala na magome kwenye lori," Konsolata alisema. Aliinama, akatema ndani ya debe bila haraka, akajifuta. "Mimi siitaki. Ni kali halafu haina kitu ndani. Ulanzi mkangafu, ule uliochacha, ni mkali, lakini una utamu nyuma. Huu ukali ni wa kujionyesha tu."

Watu wakaangua kicheko. Barazani, vichwa viligeuka.

Ya pili ilikuwa nyepesi, rangi yake kama chai iliyochujwa mara mbili. Mikaeli alisema ni maji ya kuoshea chupa ya kwanza. Tabea aliitetea. Alisema hii angeweza kuinywa na chakula cha mchana na bado akatia uzi kwenye sindano. Walibishana kweli, hata wakasahau kwa muda kidogo walikuwa wapi na walikuja kufanya nini, na Tabea akajikuta anacheka, jambo ambalo hakulitarajia siku ile.

Bwana Kosta alivuka barabara akiwa na askari mmoja. Uso ulikuwa umemwiva.

"Mama Tabea, hii ni nini? Unanifanyia mchezo mbele ya wageni wangu?"

"Tunaonja, Bwana Kosta."

"Nilikuambia mkanywe kwenu."

"Ulituambia. Sisi tumeona hapa pana mwanga mzuri."

Askari alikohoa. Alikuwa kijana wa upande wa Wanging'ombe, na macho yake yalikuwa juu ya kitambaa cha meza. "Kamwene, mama," alimsalimu kwa Kibena, taratibu. "Bwana anasema mnaleta ulevi barabarani. Anataka mwondoke."

Tabea alifungua kinywa, lakini Gideoni alikuwa ameshasimama. Tangu wafike alikuwa ameonja tu na kutazama viatu vyake.

"Kamwene, askari," alisema. "Chupa hizi zimenunuliwa dirishani kwake, kwa halali. Barabara ni ya Serikali. Kuna mlevi hapa? Nitazame mimi. Ninusishe, nitembeze kwenye mstari, fanya utakavyo. Nami naitwa Gideoni, mwalimu wa Matembwe, ukitaka kuandika." Sauti yake ilipanda ikapasuka katikati, lakini akaendelea. "Na chupa ya tatu hatujaifungua. Siondoki kabla sijaionja."

Askari alimtazama yeye, akamtazama Bwana Kosta. "Sioni mlevi, bwana," alisema.

"Basi wewe ni kipofu."

"Inawezekana, bwana." Akasogea pembeni, akasimama karibu na yule mama wa viazi.

Bwana Kosta alimgeukia Tabea. Akapunguza sauti. "Mapazia ya upande wa nyuma nitampa fundi mwingine. Unaelewa?"

Tabea alielewa. Alikuwa ameshalielewa kabla hajapanda lori asubuhi ile, na bado lilimchoma. Ilikuwa kazi ya msimu mzima.

"Mpe," alisema. "Mwambie atie pindo pana, upepo wenu mbaya. Gideoni, fungua."

Ya tatu ndiyo iliyokuwa bora, na kwa hilo peke yake waliafikiana, isipokuwa Konsolata aliyesema ni afadhali kidogo. Gideoni alikaa nayo mdomoni muda mrefu huku Bwana Kosta akirudi barazani kwake. Alipoulizwa, alisema inamkumbusha harufu ya mbao za Matembwe zinapopasuliwa mvua ikiwa imenyesha, na hakuna aliyemcheka. Walimpa na mama wa viazi. Alionja, akafikiri, akasema ya fahali ilionekana kuwa na rangi nzuri zaidi, kwa nini wanamnyima hiyo. Wakampa na hiyo.

Walipomaliza walikunja kitambaa, wakapakia meza, wakaondoka mchana kweupe, chupa zikiwa bado na divai nusu nusu.

Mambo hayakwisha pale. Mkaguzi alimwita Gideoni na kumwonya, naye aliporudi alisema ameonywa na hakuomba radhi. Wazee wa kanisa walimtuma mmoja wao, Filemoni, kwenda kumuuliza Tabea kama ni kweli. Tabea alimjibu ni kweli, akamweleza kila chupa ilivyokuwa, mpaka mzee akasema inatosha. Bwana Kosta aliacha kuwauzia. Miezi ile Tabea alishona sare za shule na mashati ya vibarua, kazi ya kuchosha na ya faida kidogo, na usiku mgongo ulimuuma.

Lakini Mikaeli alikuwa na njia zake kule Iringa, na divai ya Hispania ilikuwa haiuzwi na mtu mmoja. Mwezi uliofuata marafiki wale walikutana Yakobi, uani kwa Tabea, mahali ambapo kila apitaye barabarani huona. Hakufunga lango. Lucia, jirani yake, alikuja kuuliza wanafanya nini, akapewa kiti. Kufikia jioni alikuwa anagombana na Konsolata kuhusu chupa ambayo wote wawili waliichukia, kila mmoja kwa sababu yake, na hakuna aliyekuwa tayari kushuka.