Mji Ulioishia Mtoni

Kila alasiri nikitoka ofisini nashuka gatini, navua viatu, nakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kusoma namba kwenye nguzo ya kupimia maji. Leo nguzo haina namba. Nainama niitazame vizuri, kope zinakuwa nzito, na nikiinua kichwa mto Tana umehamia nyuma yangu. Mbele ni mji wetu huu huu, ila umegeuka kama kwenye kioo: makao makuu ya kaunti yako kushoto, wauza ndizi wameupa mto mgongo, saa ya benki inarudi nyuma. Natembea, barabara inanirudisha benki. Natembea tena, inanirudisha tena. Mkononi nina wasifu wa mji niliouandika mwenyewe, utakaosomwa kesho mbele ya wanaopanga tuta la kuzuia mafuriko lipite wapi. Kurasa arobaini, na Kipandeni, kijiji cha ng'ambo anakoishi baba yangu, hakimo. Wiki niliyotakiwa kuvuka nikahesabu nyumba za huko maji yalikuwa juu, na kwetu huvuki bila kuita: unasimama ukingoni, unapaza jina la unayemwendea, ndipo mvushaji anakuja. Gatini kulikuwa na watu wengi. Niliona haya. Nikarudi ofisini nikaandika kwamba mji unaishia mtoni. Baba ameniuliza mara mbili kama tuta litafika kwao, na mara mbili nimemwambia ale kwanza, wali unapoa.

Mwishowe barabara inaishia majini, na mvushaji yupo, ameegemea upondo wake, uso wake mtupu kama tope lililoachwa na mafuriko. Namwonyesha wasifu, namwomba anivushe. Anaupima uzito, ananirudishia, anasema mzigo huu hauna mtu ndani. Namuuliza huu ni mji gani.

Binti wa chuo, anasema, mji ni aliyeitwa akaitika. Wewe umemwita nani?

Natamka jina la baba kwa mnong'ono. Anacheka, anasema hata vyura wa hapa wananishinda. Ng'ambo namwona baba amekaa mlangoni kwake, maji yamemfika magotini, naye anapuliza chai yake ipoe kama vile hakuna kitu. Nafumba macho. Hiribae wa Kipandeni! Sauti inatoka kubwa, si yangu, inagonga ukingo wa pili na kurudi.

Nafumbua macho niko juu ya mtumbwi uliopinduliwa, koo linawasha, wauza ndizi wote wamenigeukia. Nguzo ina namba. Makao makuu ya kaunti yako kushoto, na sikumbuki siku zote huwa upande gani. Mtumbwi wa mvushaji unagusa ukingo, baba anashuka, suruali imelowa hadi magotini.

Habona mwanangu, umeniita mpaka kuku wakakimbia. Kuna msiba?

Namshika mkono. Una joto, una harufu ya chai.

Baba, Kipandeni sikuiandika. Niliona haya kuita, nikawaacha nje ya tuta. Usiku huu naiandika, na kesho nitaisoma mwenyewe, kwa sauti.